Falsafa ndani ya hojaji: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini mnaosoma sosholojia mnalazimishwa kusoma na falsafa, ilhali elimu ya jamii ilikwisha kujitenga nayo zamani na sasa ina takwimu na hojaji zake.

Ni kweli ilijitenga, lakini waliofanya kazi hiyo walikuwa wanafalsafa. Auguste Comte, aliyeieneza kwa jina la sosholojia mwaka 1839, alitaka isimame juu ya yanayoonekana na kuthibitishwa. Émile Durkheim, aliyefundisha falsafa katika shule za Ufaransa kabla ya kwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Bordeaux mwaka 1887, alisisitiza kwamba mambo ya kijamii yachunguzwe kama vitu, yaani kama yaliyo nje ya mawazo ya mtu mmoja mmoja. Agizo hilo halikutokana na takwimu yoyote. Ni msimamo wa kifalsafa kuhusu jamii ni kitu gani.

Hata takwimu zenu zimebeba misimamo ya namna hiyo. Tazama jinsi ukosefu wa ajira unavyopimwa. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, asiye na ajira ni yule ambaye hana kazi, yuko tayari kuifanya, na anaitafuta. Aliyetafuta mpaka akakata tamaa na kuacha hahesabiwi. Aliyepata kibarua cha saa moja tu katika wiki ya utafiti anahesabiwa kuwa ana kazi. Kanuni hizo sizibezi, maana bila mpaka mmoja nchi haziwezi kulinganishwa. Hata hivyo, aliyeuweka mpaka huo ameamua, kabla hajahesabu mtu hata mmoja, ni dhiki ipi ionekane na ipi ifichike, na uamuzi wa namna hiyo hutetewa kwa hoja, si kwa hesabu. Ndiyo maana siafikiani kabisa na wanaoiona falsafa kuwa pambo la mtaala.

Wanafalsafa nao wana deni kwenu. Mwaka 1912 Durkheim alidai kwamba hata dhana ya wakati, ambayo mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliiona kuwa imo akilini kabla ya tajiriba yoyote, imetokana na maisha ya pamoja, kwa kuwa mgawanyo wa siku, miezi na miaka hufuata mzunguko wa ibada na sikukuu. Naona alivuka mpaka: watu watakubalianaje siku ya kukusanyika kama hawajui tayari maana ya kabla na baada? Lakini swali lake ni zito, na ningependa kusikia wewe unalijibuje.

Akupendaye,
Baba