Nimepungukiwa pointi moja

Shikamoo mama. Mimi ni mtendaji wa kijiji huku wilayani Kilosa, nina miaka 41, mke na watoto watatu. Kidato cha sita nilimaliza 2004, mchepuo wa HGK: Historia D, Kiswahili E, Jiografia nilianguka. Baadaye nikasoma cheti cha serikali za mitaa. Sasa nataka digrii ya sayansi ya siasa. Shemeji yangu anasema nimechelewa, na pale kijiweni wanasema nautafuta ubunge. Mwaka jana mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha mpaka wa malisho, watu wakanyoosha mikono, muhtasari nikaupiga muhuri, na wiki mbili baadaye ng'ombe wakawa ndani ya mpunga. Nataka kujua kwa nini. Nichague chuo gani? — Mtendaji, Kilosa

Marahaba, mwanangu. Tuanze na ubunge ili tuumalize. Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea awe na umri wa miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na apendekezwe na chama. Digrii haimo. Kama ni hilo, fedha ya ada nunulia mbegu.

Na huyo shemeji mwambie hivi: baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana aliyetoka kidato cha sita alitakiwa kwanza afanye kazi ndipo aombe chuo kikuu. Mtu mzima darasani hakuwa kioja, ndiyo ilikuwa kawaida.

Ila sikufichi, kuna kitu kitakutoa jasho. Mimi niliingia chuoni nina miaka 38, afisa maendeleo ya jamii wa kata, kwa mtihani wa watu wazima. Insha ya kwanza iliuliza tofauti ya dola na serikali. Nikajaza kurasa kumi na moja za kata yangu: diwani alivyogombana na mkandarasi wa kisima, nani alikula saruji, nani alikula nondo. Nilijiona nimeua. Ikarudi na 9 kati ya 20. Insha nzima ni ya Kiingereza, lakini pembeni mwalimu kaandika kwa Kiswahili, nadhani kwa huruma: "Habari nzuri. Hoja iko wapi?" Nililia chooni, mtu mzima mwenye wajukuu wawili leo. Wewe nawe utaingia na visa vya miaka kumi na kitu ya ofisi ya kijiji, na utadhani visa ndiyo hoja. Yule mtoto wa miaka 20 hana kisa hata kimoja, lakini kasoma sura mbili usiku na anaweza kukuambia mamlaka yanatofautianaje na nguvu. Msikilize.

Na hicho Kiingereza. Mihtasari yako yote, barua zako zote kwa mkurugenzi, ni Kiswahili. Chuoni vitabu na mitihani ni Kiingereza. Anza leo: ukurasa mmoja kila usiku, kamusi pembeni. Takwimu nazo zimo, usije ukasema hukuambiwa.

Sasa hesabu yako. Kuingia digrii moja kwa moja wanataka pointi 4 kutoka masomo mawili. D ni 2, E ni 1, unazo 3. Umepungukiwa moja. Unaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa umri wako na kazi yako sikushauri. Utakaa na ramani za Jiografia wakati mgogoro unakusubiri nje. Stashahada ni njia nzuri, ila ni miaka miwili na utatakiwa utoke na GPA, yaani wastani wa alama zako, isiyopungua 3.0. Ningekuwa wewe ningegonga mlango wa Chuo Kikuu Huria. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna yetu, kina kozi ya msingi kwa waliokosa sifa kama wewe, na kina kituo Morogoro mjini. Hutahama, hutaacha kijiji. Ubaya wake ni upweke: hakuna kengele, hakuna mwenzio wa kukuuliza kama umesoma. Wengi huishia hapo, si kwenye ada.

Kuhusu jina la digrii usihangaike sana. Dar es Salaam na Dodoma siasa na utawala wa umma huenda pamoja. Mzumbe wamebobea kwenye utawala. Wewe omba orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, ukae nayo, utafute ni somo gani litagusa ule mpaka wa malisho. Serikali za mitaa? Siasa za ardhi? Mbinu za utafiti? Ukikuta mengi ni ya uhusiano wa kimataifa, hiyo ni nzuri kwa mwingine. Sifa za kuingia zisome kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huo huo, si kwa mtu wa stendi mwenye bahasha.

Mkopo usiuwekee matumaini. Miongozo ya Bodi ya Mikopo imekuwa ikiweka ukomo wa miaka 35. Kaa na mama watoto mpige hesabu kabla hujajaza fomu yoyote. Halafu uende kwa afisa utumishi, umuulize jina lako liingieje kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, na kama digrii hii itakubadilishia kada au la. Jibu lake lidai kwa maandishi. Ruhusa ya siku za mitihani nayo iombe kwa barua. Ya mdomo hukanushwa siku ukitafutwa ofisini.

Ule muhtasari wenye muhuri, utolee nakala uuweke pazuri. Mwaka wa tatu watakuuliza mada ya utafiti.