Kizunguzungu wakati wa Om

SWALI: Jirani zetu Wahindu hapa Malindi wamenifundisha kutamka Om, neno lao takatifu, kwa shanga. Nikifika dakika ya kumi kichwa huzunguka na koo hukauka. Nakosea wapi? — Msomaji, Malindi

JIBU: Yaelekea unavuta pumzi kubwa na kuitoa harakaharaka; kaboni dioksidi hupungua mno damuni, ndipo kichwa huzunguka. Kikianza, acha, pumua kawaida. Ukirudi, vuta taratibu kwa pua, kisha pumzi yote iishie katika Om moja: “aa” mdomo wazi, “uu” midomo ikichongoka, “mm” imefungwa, nayo uirefushe kuliko zote. Weka kiganja kifuani, halafu utosini, uusikie mtetemo ukipanda. Pumzi sita kwa dakika zatosha. Utafiti wa Italia wa 2001 ulikuta rozari na mantra (maneno matakatifu ya kurudiarudia) zote zikileta mwendo huohuo.

Koo ni kwa sababu ya kupaza sauti, na hakuna haja. Wahindu wenyewe huhesabu mnong’ono kuwa bora kuliko sauti kubwa, na kimoyomoyo bora zaidi.

Shanga ni 108, zisukume kwa gumba na kidole cha kati, si cha shahada. Ile kubwa, meru, haivukwi: geuza uzi urudi ulikotoka.