Jiko la mkaa likae nje: kwa mnaoanza kushika Shabati ya Kiyahudi hapa Dodoma

Ijumaa iliyopita nilipita Nkuhungu kumpelekea kijana mmoja siduri, kitabu chetu cha sala. Ana miezi mitano tangu aanze kujifunza Uyahudi. Meza kaitandika kitambaa cheupe, mishumaa miwili kaisimamisha kwenye vizibo vya soda, hala mbili, mikate ya Shabati, kazifunika kanga. Nikafurahi kama mama mzazi. Kugeuka, naona kwenye kona ya chumba jiko la mkaa limefukiwa jivu, sufuria ya maharage juu yake, na dirisha limefungwa kwa sababu ya upepo. Miguu iliniisha nguvu. Hata salamu haijaisha nikamwambia alitoe.

Basi wadogo zangu, kaeni chini.

1. Saa. Acheni kuwasha mishumaa kwa ratiba ya Yerusalemu mliyoikuta kwenye simu. Ya Dar nayo hapana, kule jua linazama kama dakika 14 kabla ya kwetu. Tafuta machweo ya Dodoma, toa dakika 18, washa. Na wewe unayeweka status ya "Shabati shalomu" Ijumaa saa 3 usiku, wakati simu haiguswi, na picha ya mishumaa inawaka, Jumamosi baada ya havdala, sala ya kuifunga Shabati, sote tunaiona, pamoja na saa uliyoiweka.

2. LUKU nunua Alhamisi. Maji ya mgawo jaza mapema. Swichi ya taa ya choo ibandike selotepu, maana Shabati haiguswi na mkono una mazoea yake.

3. Chakula. Perege ndiyo. Kambale hapana, hana magamba, hata awe katoka Mtera alfajiri ile. Nyama ya buchani msijidanganye kwamba kwa kuwa kachinja Mwislamu basi imekuwa kosha, halali kwetu. Kuleni mlenda, kunde na mayai, hakuna aliyekufa. Na Pasaka yetu ikikaribia, nawaomba, msigawe mtama na uwele! Hametsi, ile iliyochachuka tunayoiondoa nyumbani siku za Pasaka, inatokana na nafaka tano, ngano na shayiri na jamaa zao watatu ambao sokoni Majengo huwakuti kwenye madebe. Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya, wana desturi ya kutokula hata mahindi siku hizo, kwa hiyo muulize mwalimu wako mnafuata desturi ipi, ila hata wao hawalazimiki kuyatoa ndani ya nyumba. Dada mmoja alimpa jirani debe zima la uwele, kisha wiki nzima akala viazi huku akisikia mwiko wa jirani ukisonga ule uwele upande wa pili wa ukuta.

4. Jiko. Hapa nitakawia.

Ilikuwa Julai ya mwaka wangu wa kwanza, na baridi ya Julai ya Dodoma mnaijua. Tulipanga vyumba viwili Chang'ombe. Nilikuwa nimesoma kwamba Shabati moto hauwashwi, lakini uliowashwa kabla unaachwa uendelee, na chakula kilichoiva kinaweza kukaa juu yake mpaka mchana. Ni kweli. Nikasoma pia kwamba Mishna, kitabu cha kale cha sheria zetu, inataka makaa yaondolewe au yafukiwe jivu. Nikafukia, tena vizuri. Jiko nikaliweka koridoni, maana uani mbwa wangeyamaliza maharage. Nikafunga dirisha na mlango, nikalala najiona Sara mke wa Ibrahimu.

Saa 8 usiku mwanangu wa miaka minne akatapika. Nikadhani ni maharage. Kuinuka, kichwa kinagonga kama kinu, magoti yamelegea. Namwita mume wangu, anaitika kilevi. Hapo nikajua. Habari za walinzi waliolala na jiko kibandani wasiamke nilikuwa nimezisikia mara ngapi? Hewa ile ya mkaa haina harufu, na moshi wenyewe huuoni.

Nikasimama. Hili sijawahi kulisema mbele ya wanafunzi. Nilisimama mbele ya jiko nikipiga hesabu: nikilibeba, nimehamisha moto. Nikimwagia maji, nimeuzima. Je, nikilisukuma kwa mguu, si namna isiyo ya kawaida, si afadhali kidogo? Mtoto anatapika mara ya pili, mimi natafuta ukurasa kichwani. Mwishowe nikaona nimepata ujanja: nikatoka uani kumgongea jirani, ili yeye asiye Myahudi ndiye alitoe. Akachelewa kuamka. Nikagonga tena, taratibu, nisiwasumbue wapangaji wengine. Akatoka na kanga yake, akaona uso wangu, akaingia ndani bila kuuliza. Alifungua milango yote, akalishika jiko kwa tambara, akalibwaga uani na maharage yake, akarudi kumbeba mtoto. Tulipokuwa tumekaa nje sote tunatetemeka, ndipo akaniuliza, "Mungu gani huyo, mtoto afe ili maharage yapate moto?"

Sikumjibu. Jibu lilikuwa kwenye vitabu vilevile nilivyokuwa nimeviruka nikikimbilia makatazo. Kuokoa roho kunaiweka Shabati kando. Shulhani Aruki, kitabu chetu kikuu cha sheria, inasema anayewahi ndiye wa kusifiwa, na anayekwenda kwanza kuuliza ni mmwaga damu. Tena inataka kazi hiyo waifanye Wayahudi wenyewe, watu wazima, wasisubiri mtu wa nje. Nami nilikwenda kugonga mlango, taratibu.

Kuna jambo jingine, linaniuma na kunichekesha kwa pamoja. Usiku ule sikuwa Myahudi. Nilikuwa mwanafunzi tu, ilibaki miaka mitatu kabla sijaketi mbele ya marabi watatu na kuingia mikve, birika la utakaso. Mwanafunzi hata hatakiwi kuishika Shabati yote. Walimu humwambia afanye japo kazi moja, awashe kiberiti kimoja basi. Sheria iliyonigandisha pale koridoni haikuwa yangu bado.

Mtoto aliamka salama. Sasa yuko kidato cha pili na maharage hali. Jirani yule, tukikutana Ijumaa, salamu yake ni moja: "Jiko liko wapi?"

Njia yenyewe ni hii: pika umalize, funga sufuria kwa kanga mbili na blanketi, itie kapuni kabla ya mishumaa, siyo baada. Chai iwe kwenye chupa.

5. Divai ya kidushi, baraka ya kuikaribisha Shabati mezani, inawahangaisha bure. Mko Dodoma, kamueni zabibu.

6. Mezuza, maandiko ya Torati yanayowekwa kwenye mwimo wa mlango, huandikwa kwa mkono na mwandishi, kwa wino, kwenye ngozi. Ile niliyoiona Kisasa, iliyoprintiwa steshenari na kulaminetiwa, itoeni. Mwimo mtupu una heshima zaidi.

7. Mwenye nyumba atawaita Wasabato. Mwacheni. Wangu nilimweleza kwa saa nzima, Abrahamu mpaka Talmudi, akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akauliza kwaya yetu inafanya mazoezi siku gani.

Na wewe wa Nkuhungu, Ijumaa hii napita tena saa 11 jioni. Jiko nilikute uani.