Nilikuwa na ratiba kamili, nikamkosa mdogo wangu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia saa sita usiku: "Dada, nimeanza upya mpango wa siku 21 kwa mara ya nne. Kuamka alfajiri, mazoezi, kurasa kumi za kitabu, shajara, kutogusa simu. Leo ni siku ya 22 na nimeamka saa mbili. Nina kasoro gani?"

Niliusoma ujumbe ule mara tatu, kisha machozi yakanitoka, maana miaka minne iliyopita ningeweza kuuandika mimi, neno kwa neno.

Huna kasoro. Nataka hilo litangulie kabla sijasimulia yangu.

Hiyo 21, ambayo watu husema ndizo siku zinazotosha kujenga tabia, ina asili yake. Mwaka 1960 daktari Mmarekani Maxwell Maltz, aliyekuwa akifanya upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Angalau! Na alikuwa akizungumzia watu wanaozoea pua mpya, hakuwa akizungumzia mtu anayejilazimisha kuamka saa kumi na nusu. Kadiri watu walivyosimuliana, "angalau" ikadondoka njiani, ikabaki ahadi. Baadaye sana Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijaribu kujenga tabia moja tu. Kwa kawaida ilichukua siku 66 hivi mpaka tabia ikaanza kwenda yenyewe. Wa haraka alitumia 18, na kuna ambaye kwa makadirio angehitaji 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Laiti ningeambiwa haya mapema.

Sasa yangu.

Nilikuwa na miaka 31. Uchumba wangu ulikuwa umevunjika, tena vibaya, na moyoni niliamini kwamba nikijirekebisha vya kutosha hakuna mtu atakayeniacha tena. Hilo sikumwambia yeyote wakati ule. Nilisema tu kwamba nataka maisha yenye uwiano. Nikanunua vitabu vya kujiendeleza mpaka rafu ikapinda katikati. Nikachukua daftari kubwa, nikaandika tabia 14 upande wa kushoto, tarehe juu, na kila usiku kabla ya kulala nikawa naweka alama kwa kalamu nyekundu. Niliiweza kazi hiyo, sitajifanya. Kuna mwezi visanduku vyote vilijaa isipokuwa viwili. Nilipiga picha ukurasa ule nikauweka kwenye skrini ya simu, na kila nilipofungua simu nilijisikia mtu.

Jioni nilisoma kwa vipindi vya dakika 25, njia aliyoianzisha Mwitaliano Francesco Cirillo alipokuwa mwanafunzi, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Yangu ilikuwa nyeupe, ya kuzungusha kwa mkono, ikigonga taratibu mpaka ilie. Jioni moja zikiwa zimebaki dakika 19, simu ikaanza kutetemeka mezani. Nilikuwa nimeilaza kifudifudi kama ratiba ilivyotaka. Ikatetemeka, ikasogea kidogo kidogo mpaka ikaigusa ile saa, vyote viwili vikawa vinatikisika pamoja. Nikanyoosha mkono nikaitenga. Ikanyamaza, ikaanza tena. Mara tatu. Saa ilipolia niliweka kwanza alama yangu nyekundu, ndipo nikaigeuza simu. Mdogo wangu. Nikajiambia nitampigia kesho, kwa kuwa muda wa simu kwenye ratiba ulikuwa mchana. Kesho yake pia sikupiga.

Siku mbili baadaye mama alinieleza. Mke wa mdogo wangu alikuwa amejifungua mtoto asiye hai. Yeye alikuwa amesimama kwenye korido ya hospitali, ananipigia. Nilipompata nililia, nikamuuliza kwa nini hakuniandikia hata ujumbe. Akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, nilijua una ratiba yako."

Afadhali angenitukana. Tusi lingekuwa limeshapita. Hilo jibu bado liko nami, na wakati mwingine linanijia nikiwa kazini katikati ya mambo mengine, nalazimika kutoka nje kidogo.

Daftari nililifunga. Miezi iliyofuata sina la kuisimulia.

Nilichokuja kukielewa, na ndicho ninachotaka msomaji wangu akichukue, ni kwamba kila kisanduku nilichokiongeza kilichukua muda wa mtu. Sikuwahi kuuliza wa nani. Ile saa ya kusoma ilikuwa saa ambayo mdogo wangu alizoea kunipata. Ile alfajiri yangu niliilipia kwa kulala mapema, na rafiki yangu wa siku nyingi akachoka kualika mtu anayeaga kabla wengine hawajafika. Vitabu havikunidanganya, vilinipa ushauri mmoja mmoja, mimi nikaumeza wote kwa pamoja.

Kwa hiyo kabla hujaongeza tabia, uliza inachukua muda wa nani. Ukishajua, chagua kitu kimoja. Sisemi viwili vidogo. Kimoja. Najua mnaonisoma mnataka makubwa: biashara, shahada, mwili wenye afya, kitabu chenye jina lako juu. Na mimi bado navitaka. Lakini mtu anayebadilisha mambo 14 kwa wakati mmoja anajikimbia, na mimi nilikuwa najikimbia. Chagua kimoja.

Halafu kifungie kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mtu anayepanga "ikitokea hivi, nitafanya vile" hutimiza nia yake zaidi ya yule anayesema tu "nitajitahidi". Mimi niliamua hivi: kila Jumapili nikimaliza kuanika nguo, nampigia mdogo wangu. Basi. Huo ndio mpango wangu wote wa maisha yenye uwiano, na nimeushika kwa zaidi ya miaka miwili. Sina daftari la kuhesabia, ila Jumapili nilizokosa nazikumbuka. Ni tatu.

Usidhani kupiga simu ni jambo dogo mno kuitwa kujiendeleza. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kina utafiti ulioanza mwaka 1938, ukiwafuata wanaume 724 toka ujana wao, miaka na miaka. Walioridhika na mahusiano yao walipokuwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya nzuri zaidi walipofika 80, na hilo liliwatabiria afya kuliko hata kipimo cha kolesteroli. Nilipolisoma nililiweka chini gazeti nikakaa kimya. Kati ya tabia zangu 14, hakuna hata moja iliyokuwa na jina la mtu ndani yake. Angalia na wewe orodha yako. Iangalie leo, usisubiri mwaka mpya. Kama haina jina la mtu, anzia hapo, na mengine yatafuata au yatangoja.

Sikufichi, haikuwa rahisi. Miezi ya mwanzo mdogo wangu alinijibu kwa adabu kama anavyomjibu mgeni: wazima, nashukuru, haya dada. Nikawa nakata simu nikiwa na aibu, na Jumapili inayofuata napiga tena. Kuna siku tulizungumza dakika mbili tu. Siku moja, bila mimi kuuliza, alinitajia jina walilokuwa wamemwandalia mtoto. Sikusema kitu. Nilikaa tu kwenye simu, na yeye akakaa.

Jumapili iliyopita nilikuwa bado naanika, shuka moja limeshika kamba upande mmoja, vibanio mkononi, simu ikaita. Nikaipokea nikiwa na mikono mibichi.

"Dada," akasema, "leo umechelewa."