Maswali ya Wasomaji: Nakala rudufu za kompyuta kadhaa, kwa ratiba na kwa usimbaji

Swali: Habari za kazi, wahariri. Tuna kompyuta tano: mbili za Linux na laptopu tatu za Windows, pamoja na seva ndogo yenye diski ya TB 4. Mpaka sasa mtu mmoja huzunguka na diski ya nje kila anapokumbuka. Tunataka kila mashine ijinakili yenyewe usiku, na mwizi akichukua diski asisome chochote. Tuanzie wapi?

Jibu: Anzeni kwa kuchagua programu moja inayofanya kazi kwenye mifumo yote miwili, ili siku ya kurejesha faili msihangaike na lugha mbili. Sisi tunapendekeza restic. Ni ya bure, ni faili moja tu la kuendesha, na husimba kila kitu (hukigeuza kisisomeke bila ufunguo) kwa AES-256, njia imara ya usimbaji, kwenye mashine yenyewe kabla data haijaondoka. Seva hupokea vipande visivyosomeka. Borg nayo ni programu nzuri sana, ila haina toleo rasmi la Windows, na kwenu hilo linaamua.

Restic hukata mafaili vipande vya wastani wa MB 1 hivi, kwa kufuata yaliyomo. Kipande kilichokwisha kufika hakitumwi tena. Ndiyo maana usiku wa kwanza ni mrefu na usiku wa pili ni wa dakika chache.

Kwenye seva wekeni `rest-server`, programu ndogo ya watengenezaji haohao:

`rest-server --path /srv/nakala --append-only --private-repos --tls --tls-cert cheti.pem --tls-key ufunguo.pem`

Kila mashine ipewe jina na nywila yake ya kuingilia seva, kwa `htpasswd -B /srv/nakala/.htpasswd mezani` (hapa `mezani` ni jina la mashine moja). Mara ya kwanza tu ongezeni `-c` ili faili liundwe. Mkiirudia `-c` kwa mashine ya pili, faili linaanza upya na mashine ya kwanza inafungiwa nje. Kosa hili hutokea mno. Msiache TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano kati ya mashine na seva, kwa hoja kwamba data imeshasimbwa. Data kweli imesimbwa, lakini nywila ya kuingilia seva isingekuwa hivyo.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea: kila mashine iwe na ghala lake, yaani folda ya kwenye seva ambamo restic huweka nakala zake. Ghala moja la wote linavutia, kwa sababu faili lililo kwenye mashine tatu huhifadhiwa mara moja. Lakini mwenye nywila ya ghala husoma yote yaliyomo. Laptopu moja ikiibwa ikiwa na nywila hiyo, mwizi amepata kompyuta zote tano. Nafasi ya diski inapatikana kwa fedha. Siri zikishatoka hazirudishiki.

Kwenye kila mashine ya Linux andikeni faili `/etc/restic/mazingira`, lisomwe na `root` (msimamizi mkuu wa mfumo) peke yake (`chmod 600`):

`RESTIC_REPOSITORY=rest:https://mezani:NYWILA@192.168.1.10:8000/mezani/`
`RESTIC_PASSWORD_FILE=/etc/restic/nywila`

Kisha, mazingira hayo yakiwa yamesomwa, `restic init` mara moja tu ili kuunda ghala, na baada ya hapo:

`restic backup /etc /home --one-file-system --exclude-caches --exclude-file=/etc/restic/acha.txt`

Ndani ya `acha.txt` wekeni `.cache`, pipa la taka, folda za `node_modules` na diski za kompyuta pepe. Msiende mbali zaidi ya hapo. Orodha ndefu ya kuacha ndiyo humeza folda ambayo mtu ataililia baadaye.

Mzunguko wa kwanza ufanyeni kwa kebo, mkiwa karibu na seva. Laptopu yenye GB 200 ikipitia intaneti inayopakia megabiti 5 kwa sekunde itachukua saa 89, karibu siku nne. Ikikatika njiani, endesheni amri ileile tena. Sehemu kubwa iliyokwisha kufika haitumwi upya.

Swali: Amri yangu nikiiendesha kwa mkono inafanya kazi vizuri. Nikiiweka kwenye cron, kiendesha kazi kwa ratiba cha Linux, asubuhi sikuti kitu. Shida ni nini?

Jibu: Kuna sababu nne, na mara nyingi huja mbili kwa pamoja.

Ya kwanza, cron huendesha amri kwa `PATH` (orodha ya folda za kutafutia programu) fupi, kwa kawaida `/usr/bin:/bin`. Kama restic yako iko `/usr/local/bin`, haionekani. Andika njia nzima. Ya pili, zile `RESTIC_REPOSITORY` na mwenzake ulizozitangaza kwenye dirisha lako la amri, cron haizijui. Ya tatu ni alama ya `%`. Ndani ya crontab alama hiyo humaanisha mstari mpya, kwa hiyo `date +%F` hukatwa katikati, andika `\%`. Ya nne ndiyo kubwa kwa laptopu: mashine ilikuwa imelala. Cron ya kawaida haikumbuki kazi iliyopitwa na wakati.

Kwa sababu hiyo ya nne tunashauri uiache cron, utumie kipima muda cha systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux nyingi. Faili la `nakala.timer`:

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 02:30
RandomizedDelaySec=45m
Persistent=true

[Install]
WantedBy=timers.target
```

Na `nakala.service`:

```
[Unit]
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
Type=oneshot
Environment=HOME=/root
EnvironmentFile=/etc/restic/mazingira
ExecStart=/usr/bin/restic backup /etc /home --one-file-system --exclude-caches --exclude-file=/etc/restic/acha.txt
Restart=on-failure
RestartSec=10min
RestartPreventExitStatus=3
```

`Persistent=true` ndiyo inayolipa deni: mashine ikiwashwa asubuhi, kazi ya usiku inaanza. `RandomizedDelaySec` inazuia mashine zote zisiivamie seva dakika ileile. `HOME` tumeiweka kwa sababu huduma za systemd huendeshwa bila hiyo, na restic hulalamika kwamba haioni pa kuweka kashe yake. Laptopu ikiamka kabla Wi-Fi haijashika, jaribio la kwanza litashindwa. `Restart` inarudia baada ya dakika 10. Msimbo wa 3, ambao restic huutoa inapomaliza, tumeuzuia usirudiwe, kwa maana yake ni kwamba nakala imekamilika ila kuna mafaili yasiyosomeka, na kurudia hakutayafungua.

Washa kipima muda, si huduma: `systemctl enable --now nakala.timer`. Kisha `systemctl list-timers` ikuonyeshe zamu ijayo. Na tafadhali angalia saa. 02:30 ni saa nane na nusu usiku. Ukiandika 08:30 kwa kufuata saa yetu ya Kiswahili, nakala itaanza saa mbili na nusu asubuhi, watu wakiwa kazini na mtandao ukiwa umejaa.

Kwenye Windows tumia kipanga kazi cha mfumo wenyewe. Washa chaguo la kuendesha kazi mapema iwezekanavyo iwapo muda wake ulipita. Ondoa sharti la kuendesha pale tu umeme wa ukutani upo, ambalo huja likiwa limewashwa. Ipe haki za msimamizi na uongeze `--use-fs-snapshot` kwenye amri, ili mafaili yaliyofunguliwa, kama ya barua pepe, yanakiliwe badala ya kurukwa.

Swali: Nimeshasimba diski nzima ya laptopu. Bado nahitaji kusimba nakala?

Jibu: Ndiyo. Usimbaji wa diski hulinda mashine iliyozimwa. Ikiwa imewashwa, programu ya nakala huona mafaili yakiwa wazi, na bila usimbaji wake yatafika seva yakiwa wazi vilevile.

Swali: Nywila ya ghala niiweke wapi? Na nikiisahau, kuna namna ya kuipata?

Jibu: Hakuna. Hakuna mlango wa nyuma, na restic hutumia scrypt kuchakata nywila kusudi kuikisia kuwe kugumu na ghali. Kwa hiyo panga kabla ya kusahau.

Kila ghala lipewe nywila mbili. Ya kwanza ni ya mashine: herufi 40 za bahati nasibu ndani ya faili, hakuna binadamu anayehitaji kuikumbuka. Ya pili ni ya uokozi, unaiongeza kwa `restic key add`. Hiyo iwe ya maneno sita yaliyochaguliwa kwa dadu. Kila neno ni mirusho mitano, na orodha ina maneno 7,776, yaani 6 iliyozidishwa kwa yenyewe mara tano. Maneno sita ya namna hiyo yana nguvu ya takriban biti 77. Orodha ya maneno ya Kiswahili inafaa sawasawa, mradi ni dadu iliyochagua na si wewe. Methali au jina la mtoto lenye tarakimu mwishoni halifai.

Andika nywila ya uokozi kwa kalamu, kwenye karatasi mbili, katika nyumba mbili tofauti. Kuihifadhi kwenye kompyuta inayonakiliwa pekee ni kufungia ufunguo ndani ya sanduku lake.

Jambo moja ambalo halielezwi vya kutosha: kubadilisha nywila kwa `restic key passwd` hakubadilishi ufunguo mkuu uliosimba data. Nywila hufungua tu ufunguo huo. Kama mtu aliwahi kupata nywila yako ya zamani pamoja na nakala ya ghala, bado ataisoma. Hapo dawa ni ghala jipya, kuhamisha matoleo (nakala za kila zamu) kwa `restic copy`, na kulifuta la zamani.

Swali: Ninaogopa virusi vinavyoteka mafaili na kudai fidia. Vikiingia kwenye laptopu, si vitafuta na nakala zilizo kwenye seva?

Jibu: Vitafuta, kama laptopu ina ruhusa ya kufuta. Ile `--append-only` tuliyoiandika juu ndiyo kinga: mashine inaweza kuongeza matoleo mapya na kuondoa kufuli zake (alama kwamba ghala linatumika), lakini haiwezi kufuta data. Huduma za kulandanisha folda hazina kinga hii. Faili likiharibika huku, linaharibika na kule, kwa uaminifu kabisa.

Gharama yake ni kwamba laptopu haiwezi kusafisha matoleo ya zamani, kwa hiyo mtu mwingine lazima afanye. Usiweke nywila za maghala yote kwenye seva ili ijisafishe; utakuwa umekusanya funguo zote mahali zilipo data zote. Mara moja kwa mwezi, mtu mmoja aingie kutoka kwenye kompyuta yake kwa SFTP (njia ya kufikia mafaili ya seva isiyopitia `rest-server`), aandike nywila ya uokozi kwa mkono, na aanze na jaribio:

`restic -r sftp:nakala@192.168.1.10:/srv/nakala/mezani forget --keep-within 60d --keep-monthly 12 --dry-run`

Asome orodha kwa macho. Kukiwa na matoleo mengi ya saa moja, au yenye tarehe ya mbele, asimame hapo hapo na kuichunguza mashine. Kanuni ya kuhesabu, mfano `--keep-last 10`, inadanganyika kirahisi: mvamizi akisukuma matoleo kumi ya takataka, ya kweli yanatoka. Orodha ikiwa safi, aondoe `--dry-run` na kuweka `--prune`. Bila `--prune`, `forget` huondoa majina ya matoleo tu na diski haipungui hata kidogo.

Aingie kwa jina la mtumiaji yuleyule anayeendesha `rest-server`. Akiingia kama `root`, mafaili mapya yatakuwa ya `root`, na kesho yake kila mashine itashindwa kusoma ghala lake.

Na seva hiyo isiwe kituo cha mwisho. Diski ya nje ipelekwe jengo jingine kila wiki, ikijazwa kwa `restic copy`. Ghala lake liundeni kwa `--copy-chunker-params`, vinginevyo vipande vitakatwa tofauti na nafasi itapotea mkianza kunakili moja kwa moja kwenye diski hiyo.

Swali: Nitajuaje kwamba zinafanya kazi kweli?

Jibu: Kwa kurejesha. Kila mwezi chagua folda moja na mashine isiyo yake, na uirejeshe: `restic restore latest --target /tmp/jaribio --include /home/ofisi/hesabu`. Linganisha na asili kwa `diff -r`. Tumia nywila ya kwenye karatasi, kwa kuwa siku ya shida ndiyo utakayokuwa nayo. Karatasi iliyoandikwa herufi moja kimakosa igunduliwe leo. `restic check` peke yake hukagua mpangilio wa ghala tu, haisomi data. Iongezee `--read-data-subset=5%` kila wiki, ili diski inayooza ijulikane mapema.

Usitegemee barua pepe ya kushindwa, kwa sababu mashine iliyokufa haitumi barua. Geuza utaratibu: kila kazi ikimalizika salama itume ishara mahali fulani, na mahali hapo palalamike ishara isipofika kwa saa 36. Programu ya Healthchecks hufanya hivyo, na unaweza kuiendesha kwenye mashine yako mwenyewe, ila isiwe seva ileile ya nakala.

Swali: Seva yetu ina hifadhidata ya PostgreSQL. Kunakili folda yake kunatosha?

Jibu: Hapana. Mafaili yake hubadilika wakati yanasomwa, na unachopata ni nusu ya leo na nusu ya dakika iliyopita. Itoe kwa `pg_dump`, zana ya PostgreSQL ya kutoa data kama faili, tena kwa njia hii, inayopatikana kuanzia toleo la 0.17 la restic:

`restic backup --stdin-filename hesabu.sql --stdin-from-command -- pg_dump hesabu`

Ukitumia bomba la kawaida la `|`, `pg_dump` ikifa katikati restic huona tu kwamba maandishi yameisha, na huhifadhi faili pungufu kana kwamba ni zima. Usilikandamize kwa gzip kabla. Badiliko la safu moja hugeuza karibu kila kinachofuata ndani ya faili la gzip, na hapo restic hutuma sehemu kubwa upya kila usiku. Ukandamizaji iachie restic yenyewe.