Soma mkataba kabla hujafungua kichupa

Vijana wa kompyuta wanaokuja kujitolea kwenye maabara yetu, nje kidogo ya Moshi, huwa na swali moja: kwa nini msiweke kila kitu GitHub, ile tovuti ya kuhifadhi na kugawana msimbo, mambo yakaisha? Naelewa wanakotoka. Mimi mwenyewe niliandika programu kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia kwenye uzalishaji wa miche ya migomba kwa njia ya tishu, yaani kuotesha vipande vidogo vya mmea ndani ya chupa, na mapenzi yangu kwa programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa, hayajapungua. Ila anayetaka kuleta utaratibu huo kwenye bioteknolojia namshauri aanzie kwenye makaratasi, sehemu ambayo watu wa kompyuta huiruka.

Sababu ni hii. Ukiandika msimbo usiku huu, hakimiliki ni yako papo hapo, bila fomu wala ada. Leseni ya GPL, ambayo Richard Stallman aliitoa mwaka 1989, inasimama juu ya haki hiyo ya bure: kazi ni yangu, nakuruhusu uitumie na uibadilishe, lakini ukiisambaza, isambaze kwa masharti haya haya. Kwenye baiolojia haki yenye meno ni hataza (patent), haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako, na hataza haiji yenyewe. Inaombwa, inalipiwa, inalipiwa tena ili iendelee kuwa hai, na kila nchi ina maombi yake. Maabara ndogo isiyo na fedha hizo haina cha kumbana nacho mtu atakayechukua mbinu yake, akaiongezea kidogo, kisha akaifungia.

Walioliona tatizo hili mapema ni CAMBIA ya Australia, taasisi ya Richard Jefferson. Huyu ndiye aliyetengeneza kipimo cha GUS, jeni inayoifanya tishu ya mmea igeuke bluu ili ujue jeni uliyopandikiza inafanya kazi, na aliisambaza kwa maabara nyingi duniani kabla hata ya kuichapisha mwaka 1987. Mwaka 2005 CAMBIA walizindua BiOS: walijipatia hataza, halafu wakaruhusu watu watumie kwa sharti kwamba maboresho ya teknolojia yenyewe yabaki wazi kwa wote waliomo kwenye leseni. Mwaka huo huo walionyesha njia ya kuingiza jeni kwenye mimea kwa kutumia bakteria wengine badala ya Agrobacterium, bakteria aliyezoeleka kwa kazi hiyo, ambaye matumizi yake yalikuwa yamezungukwa na hataza kila upande. Napenda ujanja wao, lakini ona kwamba hata wao walianza kwa kulipia hataza.

Kwa sisi wengine silaha ya bei nafuu ni kuchapisha mapema. Jambo lililokwisha wekwa hadharani, lenye tarehe, mtu mwingine hawezi kuliombea hataza kama jipya. Upanga huu hukata pande zote mbili: ukichapisha leo, kwa nchi nyingi wewe pia umejifungia mlango wa hataza. Zungumza na chuo au mwajiri wako kwanza, maana huenda kazi hiyo kisheria ni yao.

Halafu kuna vitu vyenyewe. Msimbo unanakiliwa kwa sekunde. Plasmidi (kipande cha DNA cha mviringo kinachobebea jeni) au kipande cha tishu lazima mtu akufungashie akutumie, na hutumwa pamoja na mkataba wa kupeana vielelezo, ule watu wa maabara wanaouita MTA. Mingi inakataza usimpe mtu wa tatu. Hapo uhuria wako umeishia mlangoni, hata kama matokeo yote utayaweka mtandaoni. Kuna maabara moja ya nje ilitutumia rasimu yenye kifungu kinachowapa haki ya kwanza juu ya chochote tutakachopata. Tuliomba kifutwe, wakakifuta bila ubishi. Kwa hiyo usiogope kuomba. Tangu 2018 upo pia mkataba wa OpenMTA, unaoruhusu kupeana zaidi na hata kutumia kibiashara. Kama mtumaji hana msimamo, mpendekezee huo.

Kwa migomba tuna bahati. Mgomba umo kwenye orodha ya mazao ya Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea, ulioanza kutumika 2004. Hazina ya migomba iliyoko Leuven, Ubelgiji, ina aina zaidi ya 1,500, na unaziomba kwa mkataba mmoja unaofanana kwa wote, wenye sharti kwamba usijimilikishe kile ulichopokea kwa namna itakayowazuia wengine kukipata. Mtu wa GPL ataisikia harufu ya nyumbani. Kahawa, ambayo watafiti wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, wanaihangaikia pale Lyamungo, haimo kwenye orodha hiyo, hivyo kila aina ina mazungumzo yake. Jua zao lako liko upande gani kabla hujaandika pendekezo la mradi.

Sasa protokali, yaani maelekezo ya kazi hatua kwa hatua, na hapa ndipo tabia za programu huria zinalipa haraka kuliko kwingine kote. Chakula cha miche tunachotumia ni kile cha Murashige na Skoog cha mwaka 1962. Kwenye karatasi ni rahisi: chumvi, vitamini, sukari gramu 30 kwa lita, pH 5.8, autoklevu (chombo cha mvuke cha kuulia vijidudu) nyuzi 121 kwa dakika 15. Karatasi haikuambii kwamba sukari ya dukani ya kiwanda cha TPC inatosha na huhitaji ile ya maabara, wala kwamba kipande cha mchare, aina mojawapo ya mgomba, kikitoa maji meusi unaongeza vitamini C na kuhamisha mapema. Kila badiliko tunaliandika kwa namba ya toleo, tarehe, sababu na kilichotokea, pamoja na yaliyoharibika: "umeme ulikatika saa tano, kabati la hewa safi likazima, chupa zote za siku hiyo zikaota ukungu." Huhitaji Git, programu ya kufuatilia matoleo, kwa hili; daftari lenye nidhamu linatosha. Kisichotosha ni kundi la WhatsApp. Nimeona picha ya protokali moja ikizunguka maabara za Arusha na Moshi bila tarehe wala mwandishi, na kila aliyeipata akidhani ndiyo ya mwisho.

Vifaa nitavitaja tu. Hadubini ya OpenFlexure, inayochapwa kwa plastiki na michoro yake yote iko wazi, imefanyiwa kazi Uingereza na pia hapa nchini, na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na mafundi wa Dar es Salaam. Kama una fundi mwenye printa ya 3D, ipitie kabla ya kuagiza hadubini ya bei mbaya.

Leseni huria haifuti kibali. Viumbe vilivyobadilishwa vinasaba vina sheria zake, na miche inayovuka mpaka inahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ambao wako Arusha. Na mzee wa Kibosho akikupa chipukizi la mgomba aliourithi, si lako kuliwekea leseni. Mweleze, mbele ya watu wake, kwamba utakachoandika kitasomwa popote. Andika jina la aina hiyo kama anavyoliita yeye, na uandike alichokubali na alichokataa. Akisema piga picha lakini kijiji kisitajwe, basi hakitajwi.