Barua kwa Mwanangu: Aliyeuvuta Mkono Wako

Raskazone, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, ujumbe wako nimeupata. Unasema ulipogusa chuma cha vitumbua, mkono ulikuwa umekwisha kurudi kifuani kabla hujausikia moto, na unauliza ni nani aliyeuvuta ikiwa wewe mwenyewe hukuwa umeamua. Katika miaka yangu yote ya kufundisha baiolojia, wanafunzi walioniuliza swali hilo ni wachache mno. Wengi waliridhika kuchora ubongo na kuandika majina ya sehemu zake.

Aliyeuvuta ni uti wa mgongo wako, nami sikusudii mifupa, bali ule ugwe laini wa neva, yaani mishipa ya fahamu, uliomo ndani yake. Ugwe huo pamoja na ubongo ndio sehemu ya kati ya mfumo wa neva. Sehemu ya pembeni ni neva zinazotoka humo kwenda mwilini, jozi 12 kutoka ubongoni na jozi 31 kutoka kwenye uti wa mgongo. Kidole kilipoguswa na joto, habari ilipanda hadi usawa wa shingo, ikaingia kwenye ugwe, na humo humo seli moja ikaipokeza nyingine, hata amri ikashuka kwenye misuli ya mkono. Habari hiyo hiyo iliendelea kupanda ubongoni, lakini ilifika huku kazi imekwisha kufanyika.

Hata hivyo, usidhani kwamba ubongo hauna kauli. Ulipokuwa ungali unatambaa, mama yako alishika sufuria ya mchuzi iliyomuunguza viganja, nawe uko miguuni pake. Hakuiachia, aliitua taratibu mezani, ndipo akapiga kelele. Siku ile ubongo uliteremsha neno la kuuzuia uti wa mgongo usifanye mazoea yake.

Ama habari yenyewe, haipiti ndani ya neva kama maji bombani. Seli ya neva iliyotulia ina chaji hasi kwa ndani, kiasi cha milivolti 70 chini ya nje, na chembe za sodiamu zenye chaji chanya zimejaa nje huku zile za potasiamu zikijaa ndani. Ikisisimuliwa vya kutosha, malango madogo ya protini kwenye utando wake hufunguka, sodiamu ikaingia kwa kishindo, na pale mahali pakageuka kuwa chanya kwa muda wa kama milisekunde moja, kisha malango hayo yakajifunga na potasiamu ikatoka kurudisha utulivu. Mageuzi hayo huliamsha eneo la jirani, nalo likaamsha linalofuata. Ishara hupita nzima au haipiti kabisa; moto ukizidi, kinachoongezeka ni idadi ya ishara kwa sekunde, si ukubwa wake.

Utacheka ukijua kwamba siri hii ilifumbuliwa kwa ngisi, huyu huyu tunayemnunua soko la samaki la Deep Sea. Ana uzi wa neva mnene unaoweza kufikia milimita moja, hivyo Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza waliweza kupenyeza waya ndani yake na kupima, wakachapisha maelezo kamili mwaka 1952 na kutunukiwa Nobel mwaka 1963. Na bunju, ambaye wavuvi wetu humtupa, hufundisha jambo lile lile kwa ukali: sumu yake huziba malango ya sodiamu, midomo ikafa ganzi, kisha misuli ya kupumua ikakosa amri, na kupika hakuiondoi. Sindano ya ganzi ya daktari wa meno nayo huziba malango hayo hayo, ila kwa muda na mahali pamoja tu.

Penye mwisho wa seli pana mwanya mdogo, na hapo umeme hukoma kwa kawaida na kemikali hupokea kazi. Mwanasayansi Otto Loewi alilithibitisha hilo mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya chura: majimaji yaliyouzunguka moyo uliopunguzwa kasi kwa neva yake, yalipohamishiwa kwenye moyo wa pili, yaliupunguza kasi na huo, ambao haukuguswa.

Lipo jambo hukuliuliza, lakini najua ulilihisi: maumivu yalikuja mara mbili, kwanza mchomo mkali, kisha ule moto wa polepole unaokaa. Nyuzi za neva zilizofungwa kwa ala ya mafuta husafirisha ishara kwa kasi, na zile nene kuliko zote huweza kupita mita 100 kwa sekunde. Zilizo nyembamba na zisizo na ala, ndizo zinazoleta moto ule wa pili, huenda kama mita moja tu kwa sekunde, na kutoka kidoleni hadi shingoni kwako ni karibu mita nzima.

Mama yako anakusalimu, na anasema safari nyingine usipake dawa ya meno. Shika kidole chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20.

Ni mimi baba yako.